Mbwa Aliyetolewa Kizazi: Namna ya Kumuuguza Nyumbani, Galu

Siku ya kwanza baada ya mbwa jike kutolewa kizazi haina taabu kubwa. Mnyama bado amelewa dawa, amejilaza pembeni, na kila mtu nyumbani anamwonea huruma. Siku ya kuogopa ni ya tatu au ya nne. Hapo maumivu yamepungua, hamu ya kula imerudi, mkia unapiga sakafu, na mlango ukiachwa wazi kidogo tu, amekwisha toka mbio kuelekea ufuoni. Huku Galu, pwani ya kusini ya Kenya, ufuo uko karibu, kaa wa mchangani ni tele, tumbili wanacheza juu ya makuti, na mbwa wa jirani hafungwi kamba. Mishono mingi inayofumuka hufumuka siku hizo, kwa sababu waliokuwa wakimwangalia wamekwisha amini kwamba amepona.

Hajapona. Daktari amepasua ngozi chini ya kitovu, akapasua ukuta wa tumbo, akafunga kwa uzi mishipa ya damu inayokwenda kwenye ovari, kisha akaziondoa ovari mbili pamoja na kizazi. Baada ya hapo ameshona tabaka kwa tabaka: ukuta wa tumbo kwanza, mafuta yaliyo chini ya ngozi, mwisho ngozi yenyewe. Wewe unachokiona ni tabaka la juu tu. Ngozi huanza kushikana ndani ya siku chache, lakini ukuta wa tumbo huchukua wiki kadhaa, na hata wiki ya pili ikiisha nguvu yake haijafika nusu ya ilivyokuwa. Ndiyo sababu madaktari wa mifugo husisitiza siku 10 hadi 14 za utulivu. Katika siku hizo kazi ya nyumbani ni kuhakikisha mambo matatu: atulie, kidonda kikae kikavu, na asikilambe.

Wapo wanaouliza kama taabu yote hii ina faida. Ninaamini ina faida kubwa. Mbwa jike huingia joto karibu mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63 hivi, na watoto wake wengi huku kwetu huishia kutupwa jalalani au kuokota makombo nyuma ya mikahawa. Asiyetolewa kizazi anaweza kujaa usaha kizazini, ugonjwa unaoua upesi, na yuko katika hatari zaidi ya uvimbe wa matiti anapozeeka. Kuna pia uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, unaoonekana sana kwa mbwa wanaozurura nchi za joto. Jike asiyepandwa hana njia kubwa ya kuupata. Halafu kuna kichaa cha mbwa. Mpango wa taifa wa Kenya wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa, uliopangwa kuanzia 2014 hadi 2030, unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, na ni vigumu kuifikia asilimia hiyo ikiwa kila baada ya miezi michache kunazaliwa mbwa wapya ambao hakuna mtu anayewahesabu kuwa ni wake.

Kabla ya siku yenyewe

Kupona kwa mbwa huanza kabla hajapasuliwa, na kwa pwani yetu jambo la kwanza ni kupe. Kupe wa rangi ya kahawia anayeishi na mbwa majumbani, kwenye nyufa za kuta na chini ya vitanda, hueneza erlikia, ugonjwa unaopunguza chembe za damu zinazosaidia damu kuganda. Mbwa anaweza kuwa nao na bado akala na kucheza vizuri. Akipasuliwa katika hali hiyo, damu haikati upesi. Kwa hiyo mwambie daktari waziwazi kama mbwa wako ana kupe, kama aliwahi kutoka damu puani, kama amekonda, au kama fizi zake zimepauka, na kubali kipimo cha damu akikipendekeza. Afadhali kuahirisha wiki mbili tatu, atibiwe kupe kwanza.

Mweleze pia kama yuko joto, kama ana mimba, au kama bado ananyonyesha. Kwa kawaida mbwa mkubwa hanyimwi maji usiku wa kuamkia upasuaji, bali halishwi chochote kuanzia usiku. Muda kamili wa kukaa bila kula atautaja daktari, kwani mtoto wa mbwa hawezi kukaa muda mrefu hivyo. Wale wenye huruma ya kumpa kipande cha mkate alfajiri wajue kwamba akitapika akiwa kwenye nusukaputi, chakula kinaweza kuingia mapafuni.

Hakikisha anayepasua ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia taaluma hiyo inataka hivyo, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni. Muulize kabla ya kuondoka: nyuzi za ngozi ni za kuyeyuka zenyewe au za kutolewa? Siku gani nirudi? Dawa ya maumivu ni ipi, na ya siku ngapi? Usiku nikipata shida nimpigie nani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, kwa lugha ambayo atakayemwangalia mbwa anaisoma bila shida.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Nyumba nyingi za Galu na Kinondo zina mwenyewe anayeishi Nairobi au ng'ambo, na mbwa huangaliwa na mlinzi, mpishi, au mtunza bustani. Yeye ndiye atakayeamka saa nane usiku mbwa akilia. Maagizo akipewa mwenye nyumba peke yake, kwa simu, mgonjwa hana mwuguzi. Basi mchukue mlinzi mwende naye kwa daktari, asikie kwa masikio yake, aulize maswali yake, na apewe malipo ya ziada kwa siku hizo. Kuuguza ni kazi.

Wengi wa wafanyakazi hao ni Wadigo Waislamu, na suala la najisi lisirukwe wala lisifanyiwe dharau. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa sana hapa pwani, mate na unyevu wa mbwa ni najisi, na palipoguswa hutoharishwa kwa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Kwa hiyo kaeni mpange mapema: nani atamshika mbwa, nani atakagua kidonda, na kuwe na glavu, nguo ya kazi iliyotengwa, sabuni na maji ya kutosha. Asiyetaka kumgusa asilazimishwe. Anaweza kulinda mlango, kubadilisha maji, na kuangalia kama mbwa anapumua sawasawa, na hayo ni nusu ya kazi. Dini yenyewe haikumnyima mbwa huruma. Kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamghufiria, kimo katika hadithi sahihi na wengi wetu tumekisikia tangu chuoni.

Kurudi nyumbani na usiku wa kwanza

Tuktuk inafaa, bodaboda haifai kabisa. Mbwa aliyetoka kwenye nusukaputi hawezi kujishikilia, na kumkunja ndani ya gunia kwenye pikipiki ni kumbana tumbo lililoshonwa. Mlaze ubavu kwenye sakafu ya tuktuk juu ya godoro dogo au kanga zilizokunjwa, shingo imenyooka, na mmoja wenu akae naye. Mwombe dereva apunguze mwendo mkiacha lami na kuingia njia ya mawe ya matumbawe. Kumbeba, pitisha mkono mmoja mbele ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja. Usimwinue kwa kumshika tumbo wala kwapani.

Nyumbani mtayarishie chumba kidogo, chenye giza kidogo na kimya, sakafu iwe imepigwa deki na kukauka. Mwili uliotoka kwenye nusukaputi haujui kujirekebishia joto: akiwekwa kwenye saruji tupu usiku wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, atapoa kupita kiasi, akifungiwa chumba cha mabati mchana wa Februari atahema hadi achoke. Mkeka na shuka juu ya saruji vinatosha. Feni isielekezwe kwake moja kwa moja. Asilale kitandani, juu ya kochi, wala kwenye baraza ya juu yenye ngazi, maana akiamka anapepesuka ataanguka.

Usiku huo atalia kidogo, atatetemeka, atatembea kama mlevi. Macho yanaweza kuwa mekundu na anaweza kukohoa siku moja au mbili kwa sababu ya mpira uliopitishwa kooni kumsaidia kupumua. Sehemu ya mguu wa mbele iliyonyolewa ni pale palipowekwa sindano ya dripu. Hayo hayatishi. Mpe maji kidogo kidogo kwanza. Yakikaa tumboni bila kutapika, mpe robo au nusu ya chakula chake cha kawaida. Akikataa, usimlazimishe. Watoto wasimkumbatie. Hata mbwa mpole akiwa na maumivu na amechanganyikiwa anaweza kung'ata, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Huku kusini hospitali kubwa ya serikali ni ile ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila anayemwangalia mbwa anapaswa kukijua. Inua mdomo wa juu utazame ufizi. Wa mbwa aliye salama una rangi ya waridi. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, kisha achia: rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu mbili. Mbwa wengi wa huku wana fizi zenye mabaka meusi, na hapo huwezi kuona kitu. Tafuta sehemu isiyo nyeusi, au vuta chini kope la jicho utazame nyama ya ndani. Fanya hivyo mnapofika nyumbani, fanya tena kabla ya kulala, na tena usiku wa manane. Ufizi ukigeuka mweupe, tumbo likivimba na mbwa akilegea, huenda anavuja damu ndani, na hakuna dawa ya nyumbani ya hali hiyo. Ni kumpigia daktari na kuondoka papo hapo.

Kidonda kinavyotakiwa kuonekana

Kikague asubuhi na jioni, kwenye mwanga wa kutosha, mbwa akiwa amelala ubavu. Mshono mzuri una kingo mbili zilizogusana kwa mstari mmoja. Siku mbili za kwanza unaweza kuwa na wekundu kidogo, uvimbe mdogo, na tone moja mbili la majimaji yenye damu. Michubuko ya zambarau kando yake si ya kushangaza kwa mbwa mwenye ngozi nyeupe. Kila siku hali iwe nafuu kuliko jana. Piga picha kwa simu kila asubuhi, kwa umbali ule ule. Kumbukumbu ya macho hudanganya, na daktari ukimtumia picha za siku tatu mfululizo atajua upesi kama ni jambo la kusubiri au la kuja.

Usipake kitu. Hapa ndipo nia njema inapoharibu. Nimesikia watu wakitetea majivu, mafuta ya nazi, majani ya mwarobaini yaliyopondwa, spiriti, dettol, maji ya bahari, hata oili chafu ya gari ambayo wengine humpaka mbwa mwenye upele. Spiriti na dettol huunguza nyama changa inayojiunga. Mafuta hushika mchanga na kulainisha ngozi. Maji ya bahari ya Galu yanapendeza machoni, lakini yana mchanga na vijidudu, na kidonda kibichi hakiyahitaji. Mshono safi ulioachwa mkavu hupona wenyewe. Ukichafuka, pangusa kando yake tu kwa pamba iliyolowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kausha.

Ulimi wa mbwa si dawa, ingawa wengi wamelelewa na imani hiyo. Mdomo umejaa bakteria na ulimi unakwaruza. Mbwa aliyeachwa peke yake anaweza kuzing'oa nyuzi zote kwa dakika chache. Ndiyo kazi ya ile kola pana ya plastiki. Akivishwa atagonga milango na kusimama kama aliyesahau njia, na baada ya siku moja atazoea. Usimvue kwa huruma. Vikwazo vyake viwili kwa pwani ni joto na chakula: pangusa unyevu na mchanga shingoni mara mbili kwa siku, na inua bakuli juu ya tofali ili kola isigonge sakafu. Ukikosa kola, ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa chini, ikalainishwa ukingo kwa kitambaa na kufungwa kwenye mkanda wa shingo, inafanya kazi ile ile.

Fulana kuukuu ya mtoto ni msaada mwingine, hasa mchana wa joto. Mvalishe kinyumenyume: mkia utokee kwenye tundu la shingo, miguu ya nyuma ipite kwenye mikono ya fulana, na upindo ufungwe fundo mgongoni. Kitambaa kiwe chepesi cha pamba ili kidonda kipate hewa. Badilisha kila siku, na ikiloa mkojo ivuliwe hapo hapo. Fulana haizuii mbwa mkaidi kutafuna; kwa huyo irudi kola.

Sasa jambo la kwetu hasa. Yuko nzi anayeitwa nzi wa maembe, ambaye hutaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo au kwenye nguo iliyoanikwa ikiwa bado mbichi, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mbwa na ya mtu pia. Shuka, kanga na fulana za mgonjwa zianikwe juani hadi zikauke kabisa, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote. Wasioweza kupiga pasi wazikaushe ndani ya nyumba yenye wavu. Nzi wa kawaida nao hutaga kwenye kidonda kinachotoa maji, na siku ya pili utaona mabuu. Kwa hiyo chumba kifagiliwe, kinyesi kiondolewe mara moja, na mbwa asilale mchangani. Mchanga huo huo unaweza kuwa na tekenya, tena wanaopenda miguu ya mbwa kama wapendavyo ya watoto. Kama utapuliza dawa ya nzi au ya kupe, muulize daktari kwanza, na isiguse mshono.

Dawa, na zile za dukani

Mara nyingi mbwa haonyeshi maumivu kwa sauti. Anayeumwa hukunja mgongo, hutetemeka, huhema bila joto, hukataa kulala chini, au hujificha chini ya meza. Kumpa dawa ya maumivu siku tatu hadi tano si anasa: anayeumwa hali, halali, na hapumui vizuri. Lakini dawa iwe aliyoiandika daktari, ipewe baada ya chakula, na imalizwe kama alivyosema.

Panadol, Brufen na diclofenac zipo kila duka, na kila mwaka zinadhuru mbwa waliopewa na watu wanaowapenda. Brufen na diclofenac hutoboa tumbo na kuharibu figo za mbwa kwa kiasi kidogo. Panadol inaweza kumharibia ini, na kwa paka hata kipande cha kidonge kinaua. Wengine hununua meloxicam ya binadamu kwa kuwa daktari wa mifugo naye hutumia dawa hiyo. Tazama hesabu: baada ya kipimo cha siku ya kwanza, mbwa hupewa takriban miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mbwa wa kilo 15 anahitaji miligramu 1.5. Kidonge kidogo cha binadamu kina miligramu 7.5, yaani mara tano ya hiyo. Akipewa kimoja kila siku kwa siku tano, kidonda cha tumbo la ndani kinaweza kumwua wakati kile cha nje kinapona vizuri.

Chakula chepesi kinatosha: wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, au samaki aliyeondolewa miiba yote. Kisiwe na kitunguu, tui zito, wala mabaki ya pilau yenye mafuta. Haja kubwa inaweza kuchelewa siku mbili tatu, kwani tumbo lilikuwa tupu na dawa huufanya utumbo kuwa mzito. Mkojo usichelewe zaidi ya saa 24. Akishapona, punguza chakula kwa karibu robo, kwa sababu mbwa asiye na ovari hutumia nguvu kidogo na hunenepa upesi.

Siku za kati

Tumerudi kwenye ile siku ya tatu. Kumtuliza mbwa wa Galu kunataka mipango, kwa kuwa amezoea kiwanja kizima na ufuo. Atoke kwa kamba fupi tu, dakika tano hadi kumi, ajisaidie na kurudi. Hakuna kukimbia, kuruka kwenye gari, kupanda ngazi, wala kucheza na mbwa mwingine wa nyumba hiyo. Watenganisheni hata kama wamelala pamoja tangu utoto. Asiogeshwe na asiingie baharini mpaka nyuzi zitoke na daktari aseme ndiyo. Wakati wa masika, mlete ndani kabla mvua haijaanza, na mkaushe miguu na tumbo akirudi. Ukimfunga kivulini, usimfunge chini ya mnazi.

Tumbili, kima na nyani ndio mtihani. Wakifika juu ya paa, mbwa huruka kwa miguu ya nyuma, hujinyoosha mwili mzima na kubweka kwa nguvu zote, na hivyo ndivyo ukuta wa tumbo unavyokazwa kuliko kwa jambo lingine lolote. Kwa wiki mbili hizo okota maembe na mabibo yaliyodondoka, funika mapipa ya taka, funga jikoni, na chumba cha mgonjwa kisiwe na dirisha linaloona miti. Faida yake ni ya pande mbili. Colobus Conservation, shirika la Diani lililoanzishwa 1997 na ambalo limetundika madaraja juu ya barabara ili mbega wavuke salama, hupokea pia wanyama waliojeruhiwa na mbwa.

Madume watakuja. Jike aliyepasuliwa akiwa joto, au siku chache baada ya joto, bado ana harufu inayowavuta, na akipandwa kabla hajapona anaweza kuchanika ndani. Ua wa makuti au wa michongoma haumzuii dume. Mlaze ndani usiku, mlango umefungwa. Kama kazi yake ni ulinzi, apewe likizo. Kwa siku hizo mlinzi alinde peke yake.

Mbwa asiye na la kufanya hutafuta la kufanya, na kwa kawaida hulipata kwenye mshono. Mpe kifuu cha nazi kilichokaushwa na kusafishwa akilambe ndani huku ukimwangalia, ficha vipande vya chakula ndani ya kitambaa avitafute kwa pua, kaa naye ukiongea. Mlinzi mmoja wa huku kwetu huweka redio karibu na mlango wa chumba cha mgonjwa, kwa sauti ya chini, ili kishindo cha pikipiki na kelele za tumbili zisimshtue. Ni jambo dogo na linafaa.

Dalili za kumrudisha kwa daktari

Usingoje kesho kama ufizi umepauka, damu inatiririka badala ya kudondoka tone moja moja, mbwa anatapika mara kwa mara, anapumua kwa shida akiwa amelala, hawezi kusimama saa 24 baada ya upasuaji, au hajakojoa muda huo wote. Joto la mwili la mbwa likipimwa nyuma huwa kati ya digrii 38 na 39.2, likipita 39.5 akiwa kivulini na ametulia, piga simu. Kidonda kinachonuka, kinachotoa usaha wa manjano au kijani, kilichofunguka hata kidogo, au kinachozidi kuvimba kila siku, kionekane siku hiyo. Uvimbe laini unaotokea baada ya siku kadhaa kwa mbwa mchangamfu mara nyingi ni maji yaliyokusanyika kwa kujitikisa sana, lakini pia unaweza kuwa utumbo uliopenya ukuta wa tumbo, na tofauti hiyo aiamue daktari.

Likitokea baya kabisa, utumbo ukatoka nje, usiusukume ndani na usimwache aulambe. Chemsha lita moja ya maji na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi. Yakipoa lowesha kanga safi, funika, funga kuzunguka tumbo bila kubana, mvike kola, na ondokeni. Kama maji hayajapoa, tumia maji safi ya chupa na usipoteze muda. Ikilazimu kumpeleka Mombasa, kivuko cha Likoni si njia pekee siku hizi. Barabara ya Dongo Kundu inakufikisha ng'ambo bila kupanga foleni ya feri. Wafikao mapema kwa daktari mara nyingi huwaokoa mbwa wao hata katika hali hiyo.

Nyuzi za ngozi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Mpeleke hata kama mshono umekauka vizuri na nyumbani mna mkasi, kwa kuwa siku hiyo daktari hupapasa ukuta wa tumbo kwa vidole, na hapo ndipo hujua kama ndani pameshikana. Chukua na kadi ya chanjo. Kama mbwa wako hajachanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu, na afya yake ikiruhusu, mwombe amchanje siku hiyo hiyo, kisha mwambie jirani mwenye dume na jike wasiochanjwa afanye vivyo hivyo.